Kutoka Koshien hadi Paris: Mzee Yoshida hakushuka cheo

Wiki iliyopita kwenye podikasti mlitusikia mimi na mwenzangu tukibishana mpaka muda ukatuishia. Nilikuwa nimetaja jina la Yoshio Yoshida, kocha aliyeipa Hanshin Tigers ubingwa wa Japani mwaka 1985, na ambaye miaka 5 baadaye alikuwa Ufaransa akifundisha besiboli nchi ambayo watu wengi hata kanuni za mchezo huo hawazijui. Mwenzangu akacheka, akasema: "Sasa hapo si kaporomoka? Ni sawa na kocha wa Simba abebe kombe la Afrika, halafu umkute anafundisha soka Greenland."

Meseji zikamiminika, na kusema kweli wengi wenu mlikuwa upande wake. Mmoja aliandika, "Kushuka ni kushuka tu, hata ukikupamba." Nikaahidi nitaandika. Haya, ndiyo haya.

Msimamo wangu ni kwamba Yoshida hakuporomoka. Ile miaka ya Ufaransa ndiyo inayonifanya nimheshimu kuliko hata ule ubingwa. Na vile tunavyomhukumu yeye ndivyo tunavyowahukumu wazee wetu huku ughaibuni. Naona tunakosea kotekote.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Alizaliwa Kyoto mwaka 1933. Aliacha chuo kikuu na mwaka 1953 akajiunga na Tigers, wakati ule wakiitwa Osaka Tigers. Nafasi yake uwanjani ilikuwa shotistopu. Kwa wale ambao besiboli kwenu ni kelele za jirani tu: shotistopu ni yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Wapigaji wengi wanatumia mkono wa kulia, kwa hiyo mipira mingi inayotambaa chini inaelekea upande wake. Anatakiwa aukimbilie mpira, auokote, ageuke, aurushe zaidi ya mita 30 mpaka besi ya kwanza kabla mpigaji hajafika. Yote hayo ni sekunde chache tu. Akisitasita kidogo, mtu kashapita.

Sasa Yoshida alikuwa mfupi, hata kwa Wajapani wa wakati ule. Mwaka wake wa kwanza alifanya makosa mengi sana, mipira ikimponyoka, mingine akiirusha kusikojulikana. Kocha wake, Kenjiro Matsuki, hakumtoa. Akaendelea kumpanga. Hapo pakumbukeni, nitaparudia.

Kijana akaiva. Wajapani wakampa jina la Ushiwakamaru, yaani jina la utotoni la shujaa wao Yoshitsune, ambaye hadithi zinasema alikuwa akirukaruka kwenye daraja la Kyoto mpaka jitu la miraba minne likashindwa kumgusa. Sifa kubwa ya Yoshida ilikuwa kasi ya mikono: mpira ukiingia kwenye glavu, ulikuwa kama umeshatoka. Mwaka 1954 na 1956 aliongoza ligi yake kwa kuiba besi. Mara 9 alichaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi. Alicheza misimu 17 mpaka 1969, akapiga hiti 1,864 na kuiba besi 350. Katika miaka ya mwisho akaja kijana anaitwa Taira Fujita, akachukua nafasi ya shotistopu, na mzee akahamia besi ya pili. Hakuna aliyesema ameporomoka. Tulisema ni umri.

Baadaye akawa kocha mkuu wa timu hiyohiyo. Awamu ya kwanza, 1975 hadi 1977, hakupata kombe. Akaitwa tena kwa msimu wa 1985.

Ili muelewe uzito wa kazi hiyo, Hanshin na Yomiuri Giants wa Tokyo ni Simba na Yanga ya kule, ila hawa wako miji tofauti. Giants ndio matajiri wa mji mkuu wenye makombe mpaka wamechoka kuyahesabu. Hanshin ni timu ya watu wa Osaka na Kobe, wenye kelele, wenye matusi, wenye mapenzi ya kuumiza. Hadi kufikia 1985 walikuwa hawajachukua ubingwa wa ligi yao tangu 1964, na ubingwa wa Japani nzima hawakuwahi kuuonja.

Yoshida alifanya nini? Alifanya jambo la mtu aliyewahi kuwa shotistopu: alianza na ulinzi wa katikati. Akinobu Mayumi aliyekuwa besi ya pili akampeleka nje, na Akinobu Okada akamrudisha besi ya pili. Halafu akawaachia wapigaji wake wapige. Tarehe 17 Aprili 1985, pale uwanja wa Koshien, dhidi ya hao hao Giants, Mmarekani Randy Bass, Masayuki Kakefu na Okada walipiga mipira ya kutoka nje ya uwanja mmoja baada ya mwingine, watatu mfululizo. Mpaka leo watu wa Osaka wakikumbushwa siku hiyo wanatabasamu wenyewe.

Msimu ule haukuwa wa raha tupu. Agosti 12 ndege ya Japan Airlines ilianguka mlimani, watu 520 wakafa, na miongoni mwao alikuwemo rais wa klabu ya Hanshin, Hajimu Nakano. Timu ikaendelea katikati ya msiba. Oktoba wakachukua ligi, na Novemba wakawafunga Seibu Lions michezo 4 kwa 2, wakawa mabingwa wa Japani kwa mara ya kwanza. Ile Oktoba walipochukua ligi, mashabiki walichachawa mpaka wakaitupa mtoni sanamu ya yule mzee wa Kentucky Fried Chicken. Sanamu ilikuja kuopolewa mwaka 2009.

Halafu? Mwaka 1986 timu ikashika nafasi ya 3. Mwaka 1987 ikashika mkia, ya 6 kati ya 6. Yoshida akaondoka. Miaka 2 tu imetosha kumtoa kwenye kubebwa mabegani mpaka mlangoni na mizigo yake. Sisi mashabiki wa Arsenal na Manchester tunaijua hiyo.

Hapa ndipo ilipoanzia ile ya Ufaransa. Kuanzia 1990 hadi 1995 Yoshida alikuwa kocha wa timu ya taifa ya Ufaransa. Mtu wa miaka 50 na ushee, jina lake linajulikana kwa kila dereva teksi wa Osaka, anahamia Paris ambako anaweza kupanda metro mwaka mzima asigeuziwe shingo. Wachezaji wake walikuwa wa ridhaa, watu wenye kazi zao, wanaokuja mazoezini baada ya kazi. Hakukuwa na kelele za mashabiki, na mambo aliyoyajua tangu ujana, namna ya kuinama, namna ya kuusubiri mpira, namna ya kupanga miguu kabla ya kurusha, ilibidi ayafundishe tangu alifu kwa watu wazima wa lugha nyingine. Mwaka 1992, akiwa bado na Wafaransa wake, Japani ikamwingiza kwenye jumba lake la heshima la besiboli. Wajapani wakaanza kumwita Musshu, yaani "Monsieur" kwa matamshi yao. Mwanzoni ilikuwa utani, lakini jina likamganda mpaka mwisho.

Mwenzangu anasema hiyo ni kushuka. Mimi nauliza: kushuka kutoka wapi kwenda wapi? Kama ngazi ni mshahara na makofi, sawa, kashuka. Kama ngazi ni kazi yenyewe ya ukocha, mbona naona kapanda? Kumfundisha Randy Bass ni kazi gani? Mwaka ule Bass alipiga kwa wastani wa .350, mipira 54 ikatoka nje ya uwanja. Kazi ya kocha hapo ni kutomzuia. Kumfundisha Mfaransa aliyeanza mchezo ukubwani auokote mpira bila kuuogopa, huo ndio ualimu.

Na hiyo kauli si yangu, ni ya baba.

Mwaka 2020 wakati wa korona, ligi ya Japani ilianza mwezi mmoja kabla ya ile ya hapa Marekani. Mimi nimekulia Houston, besiboli iko kwenye damu, nikawa naamka saa kumi alfajiri kuangalia mechi za Japani zilizokuwa zinaanza jioni yao. Baba naye alikuwa anaamka muda huohuo kujiandaa kwa swala. Akawa anapita sebuleni, anasimama, anaangalia bila kukaa. Siku moja akauliza, "Huyu mdogo hapa katikati kazi yake nini hasa, mbona kila mpira ni wa kwake?" Nikamweleza shotistopu. Siku nyingine nikamsimulia habari ya Yoshida, kuanzia Koshien mpaka Paris. Nilimaliza nikisema kwa masikitiko kidogo, yaani kama mwenzangu vile, "Basi ndiyo ikaishia hivyo."

Mzee akanitazama. "Imeishia vipi? Si aliendelea kufundisha? Darasa la watoto wanaojua tayari hata kiti kinaweza kulifundisha. Mwalimu unamjua akipewa wasiojua." Akaenda zake kutawadha.

Niwaambie baba alikuwa nani. Tanga alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, anafundisha hisabati. Hapa Houston, kwa miaka 19, alikaa kwenye kibanda cha maegesho ya magari zamu ya usiku, akipokea tiketi. Mimi nilizaliwa hapa, kwa hiyo baba ninayemjua ni wa kibandani. Shuleni nikiulizwa baba yako anafanya kazi gani, nilijibu "yupo kwenye maegesho" halafu nabadilisha mada. Hata siku moja sikusema "ni mwalimu." Sikuwa nadanganya. Lakini nilikuwa nasoma ukurasa wa mwisho tu wa kitabu halafu najifanya nimekimaliza.

Najua hapa baadhi yenu mtanikamata. Dada mmoja msikilizaji wetu wa Minnesota kashanikamata tayari kwa ujumbe wa sauti wa dakika 6. Hoja yake: usimlinganishe Yoshida na baba zetu. Yoshida alichagua kwenda Paris, alikuwa na pasi nzuri, na Japani ilikuwa inamngoja arudi. Mama yake huyo dada alikuwa muuguzi Bukavu, akaishia kufua mashuka ya hoteli. Hakuna aliyempa nafasi ya kufundisha chochote.

Nakubali, tena bila kung'ang'ana. Yoshida alienda Ufaransa kama mwalimu. Wazazi wetu wengi walifika huku wakaambiwa vyeti vyao havisomeki, waanze na fagio. Hiyo ni dhuluma, na sitaki mtu achukue maneno yangu kusema kwamba kibanda cha maegesho ni baraka iliyojificha. Si baraka. Baba alipoteza miaka 19 ya kufundisha na watoto wa watu walimpoteza mwalimu.

Ila dada yangu, hebu tuangalie na upande wetu. Mwajiri ndiye aliyekataa vyeti. Sisi watoto nani alitukataza kuuliza? Ujuzi wa mama yako haukufutwa siku alipovaa sare ya hoteli. Ulikuwepo nyumbani kila jioni, umekaa mezani, unakula ugali na wewe. Yoshida alikuwa na bahati kwamba Wafaransa walimwambia, "Tufundishe." Wazee wetu hawajaambiwa neno hilo na nchi hii, na mara nyingi hata na sisi.

Turudi kwa mwenzangu, maana alikuwa na karata ya mwisho. Anasema, "Hata aliporudi nyumbani alishindwa!" Kweli, Yoshida aliitwa Hanshin mara ya 3, msimu wa 1997. Na aliyempokea kiti ni nani? Taira Fujita, yule yule kijana aliyemtoa kwenye shotistopu miaka 30 nyuma. Mwaka huo wa 1997 walishika nafasi ya 5, na 1998 wakashika mkia tena. Akaondoka moja kwa moja. Kwa hiyo ukisoma msimamo wa ligi peke yake, mzee ana ubingwa mmoja na mikia miwili.

Lakini angalieni kilichobaki. Okada, yule aliyemrudisha besi ya pili, naye akaja kuwa kocha wa Hanshin, na mwaka 2023 akawapa ubingwa wa pili wa Japani katika historia yao, miaka 38 baada ya ule wa kwanza. Yoshida alikuwa hai, ana miaka 90. Huko Ufaransa nako waliandaa mashindano ya kimataifa wakayapa jina lake. Alifariki tarehe 3 Februari 2025 akiwa na miaka 91. Na kumbukeni yule Matsuki niliyewaambia tupakumbuke: angemtoa kijana baada ya makosa ya mwaka wa kwanza, hakuna hata moja kati ya haya ambalo lingetokea. Mtu mmoja alimvumilia asiyejua, na huyo naye akaenda kuwavumilia wengine, mpaka Paris.

Hata kwetu mchezo huu umefika kwa njia hiyohiyo. Tanzania leo kuna mashindano ya besiboli ya vijana wa shule yanaitwa Tanzania Koshien, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Wajapani, na jina limetoka kwenye uwanja ule ule wa Hanshin ambako Yoshida aliokota mipira kwenye udongo misimu 17. Hao Wajapani waliokwenda Dar es Salaam kufundisha watoto wasiowahi kushika glavu, nao tuseme wameporomoka?

Kuna msemo kwamba cheo ni dhamana. Dhamana hurudishwa kwa mwenyewe. Ujuzi ni kitu kingine, huo unabaki na mtu mpaka aupitishe, au afe nao. Shotistopu anayeokota vizuri halafu akaushikilia mpira hajafanya kazi yoyote, mkimbiaji atafika salama. Na mpira haupitishwi hewani, lazima kuwe na mtu besi ya kwanza amefungua glavu. Hapo ndipo nafasi yetu sisi tuliozaliwa huku.

Kwa hiyo nina mambo mawili. La kwanza ni kwa mwenzangu: usiponikubalia kwenye kipindi kijacho, tutaanzia hapa hapa.

La pili ni letu sote. Lile darasa letu la Jumamosi, la Kiswahili na hisabati kwa watoto, halina mwalimu tangu Machi. Nilimwomba baba. Akasema, "Mimi mtu wa maegesho, niacheni." Nikamjibu, "Mwalimu, watoto wenyewe hawajui kitu." Sikuwahi kumwita hivyo maishani. Akakaa kimya, halafu akauliza wapo wangapi na wana umri gani. Nikasema 11, kuanzia miaka 7. Akasema atakuja mara moja, kuangalia tu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mezani ana kalamu na karatasi, anaandika jedwali la kuzidisha kwa mkono.

Wewe wako umemuuliza?